Waya Mwembamba Huua Betri, Waya Mnene Usio na Fyuzi Huunguza Gari

Miongoni mwa mali ambazo familia hurithishana, gari la zamani lina heshima yake. Katika nyumba nyingi, Peugeot 504 iliyonunuliwa na baba alipokuwa bado kazini, au Volkswagen ya mviringo iliyowapeleka maharusi ukumbini, ingali inaoshwa na kuwashwa kila mwisho wa juma. Magari hayo yaliundwa kwa chuma kinene na mitambo isiyo na mafumbo. Fundi mwenye spana chache na akili timamu aweza kuyafungua na kuyafunga bila kuhitaji kompyuta. Hata hivyo ipo sehemu moja ambayo wengi huisahau mpaka siku gari linapogoma kuwaka alfajiri, au moshi unapofuka chini ya boneti. Sehemu hiyo ni waya mmoja tu: ule unaotoka kwenye alteneta kwenda kuchaji betri.

Mazingira ya Kibuli yanaeleza vizuri kwa nini waya huo una umuhimu. Kilima hicho cha Kampala, chenye msikiti unaoonekana kutoka mbali, Chuo cha Mafunzo ya Polisi, hospitali na shule, humtaka dereva apande, ateremke, kisha asimame. Akishuka upande wa Eneo la Viwanda au Namuwongo, msongamano humngoja. Injini hunguruma polepole huku taa, feni na redio vikiendelea kula umeme. Katika hali hiyo alteneta huzalisha umeme kidogo kuliko gari linapokwenda kasi, na kila sehemu ya volti inayopotea njiani ni hasara kwa betri. Gari la barabara kuu hupata nafasi ya kufidia upungufu huo. Gari la mjini hulala na deni lake.

KAZI YA ALTENETA

Betri haizalishi umeme. Ni ghala tu. Huutoa umeme wakati wa kuwasha injini, na baada ya hapo mtambo unaozungushwa kwa mkanda wa injini hulijaza tena ghala hilo. Katika magari ya kale mtambo huo ulikuwa dinamo. Katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda vingi vilihamia kwenye alteneta, ambayo huchaji vizuri zaidi injini inapozunguka polepole.

Uwezo wa mitambo ya wakati huo ulikuwa mdogo. Volkswagen za mviringo zenye umeme wa volti 12 zilikuwa na dinamo ya ampea 30 hivi. Land Rover ya Series III, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1971, ilikuja na alteneta ya Lucas ya ampea 34. Wahandisi waliweka waya uliotosha mzigo huo, na hawakuweka shaba ya ziada kwa sababu shaba ni ghali. Kwa matumizi ya siku zile, waya huo ulifaa kabisa.

Tatizo limeingia baadaye. Wapenzi wa magari ya zamani hupenda kuyapamba kama yale yaliyoshindana katika mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mbio hizo kwa Datsun 240Z mwaka 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Magari ya mbio hizo yalijulikana kwa taa kubwa za ziada zilizopangwa mbele, na kijana mwenye Datsun ya baba yake hutamani nazo.

Hesabu ya mzigo huo ni rahisi. Taa kuu mbili za halojeni zenye wati 60 kila moja, pamoja na taa mbili za ziada zenye wati 55, ni jumla ya wati 230, sawa na ampea 16 hivi. Feni ya umeme ya kupoza rejeta yaweza kula ampea 10 au zaidi. Betri iliyotoka kuchoka kwa kuwasha injini yaweza kuvuta ampea 20 kwa muda. Ukiongeza redio na simu zinazochajiwa, alteneta ya ampea 34 imekwisha kushindwa. Hapo mwenye gari hununua alteneta ya ampea 60 au 80 iliyotoka katika gari la kisasa, fundi akaifunga, na waya ukaachwa ule ule wa miaka hamsini iliyopita. Kosa huanzia hapo.

SOMO KUTOKA JINJA

Ili kuelewa kwa nini waya mwembamba hushindwa, yafaa kutazama namna umeme unavyofika Kampala. Bwawa la Owen Falls huko Jinja, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Umeme wa Jinja husafirishwa hadi Lugogo kwa msukumo mkubwa wa volti 132,000. Sababu yake ni kwamba msukumo ukiwa mkubwa, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ile ile huwa mdogo. Na mkondo ukiwa mdogo, joto linalopotea katika nyaya hupungua sana.

Gari halina nafuu hiyo. Balbu ya wati 60 ndani ya nyumba yenye umeme wa volti 240 huvuta robo ya ampea tu. Taa ya gari ya wati 60 kwenye volti 12 huvuta ampea 5, yaani mara 20. Na kwa kuwa hasara ya joto huongezeka kwa mraba wa mkondo, waya ule ule ungepoteza nguvu mara 400. Ndiyo maana waya wa gari, ingawa una urefu wa hatua chache tu, huhitaji unene ambao mtu asiyejua huuona kuwa wa kupita kiasi.

Katika magari mengi ya zamani safari ya umeme ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Waya hutoka kwenye alteneta, hupenya ukuta wa chuma, hufika kwenye mita ya ampea iliyo katika dashibodi, kisha hurudi mbele hadi kwenye betri. Tuchukue waya wenye eneo la milimita za mraba 4 na urefu wa mita 3. Ukipitisha ampea 34, utapoteza karibu nusu volti. Ukipitisha ampea 60, utapoteza volti 0.8, na takribani wati 47 zitageuka joto ndani ya waya. Huo ni moto unaokaribia wa taa kuu moja ya mbele, umefichwa ndani ya mkungu wa nyaya zenye mpira uliokauka. Hapo bado hatujahesabu viungo vilivyoshika kutu.

Badala yake, waya wa shaba wenye milimita za mraba 16 na urefu wa mita moja na nusu, ukipita moja kwa moja kutoka alteneta hadi betri, hupoteza volti 0.1 tu kwa mkondo ule ule wa ampea 60. Joto lake ni wati 6 hivi, tena limesambaa katika waya mnene, na mkono hauwezi kuligundua.

Volti 0.8 yaweza kuonekana ndogo, lakini betri haioni hivyo. Betri ya kawaida ya volti 12 huhitaji kupata karibu volti 14.2 ili ijae vizuri. Ikipata 13.4 hujaa polepole mno, na kwa safari fupi za mjini haijai kabisa. Betri inayokaa nusu tupu kwa muda mrefu hujenga ukoko mgumu juu ya bamba zake za risasi, na ukoko huo ukishakomaa hautoki. Mwenye gari hununua betri mpya, nayo ikafa kabla ya wakati wake, akamlaumu muuzaji. Mdharau mwiba mguu huota tende.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Busara ya kwanza ni kutobadili kitu kabla ya kupima. Kipimo chenyewe huhitaji mita ya umeme ya kawaida na dakika tano. Injini iwashwe na izungushwe kidogo kupita mwendo wa kusimama. Taa kuu na feni viwashwe. Ncha moja ya mita iguse msumari mkuu wa alteneta unakotokea waya wa kuchaji, na ncha nyingine iguse ncha chanya ya betri. Mita itaonyesha volti zinazopotea njiani. Zikiwa 0.2 au pungufu, waya ni mzima. Zikizidi 0.5, waya au viungo vyake vimeshindwa.

Kisha ipimwe njia ya kurudi, ambayo mafundi huiita ethi: kutoka mwili wa alteneta hadi ncha hasi ya betri. Hapo nako pasizidi 0.2. Fundi asiyepima upande huu hufanya nusu ya kazi. Injini hukaa juu ya mipira, na hushikamanishwa na bodi kwa mkanda wa shaba. Mkanda huo ukikatika au kuoza, umeme hutafuta njia nyingine, na mara nyingine hupita katika kebo ya mafuta mpaka ikapata joto na kuungua. Mara nyingi ugonjwa unaodhaniwa ni wa alteneta hupona kwa kusugua mahali pa ethi hadi chuma king'ae, na kufunga mkanda mpya.

KUCHAGUA NA KUFUNGA WAYA

Ikithibitika kwamba waya hautoshi, unene uchaguliwe kwa uwezo wa alteneta, si kwa macho. Kwa umbali usiozidi mita 2, alteneta ya hadi ampea 45 hutoshwa na waya wa milimita za mraba 10. Ya ampea 60 hadi 70 ipewe 16. Na ya ampea 100 ipewe 25.

Waya uwe wa shaba yenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa kujengea nyumba, wenye uzi mmoja au nyuzi chache ngumu, haufai katika gari, kwa maana mtikisiko wa injini huukata. Mnunuzi pia awe macho na waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwa nje hung'aa kama shaba halisi, lakini ukikwaruzwa kwa kisu huonyesha weupe ndani, na ukinzani wake hupita ule wa shaba kwa takribani mara moja na nusu.

Kabla ya kugusa chochote, betri ikatwe. Sharti hili halina msamaha, kwa sababu waya wa kuchaji huwa na umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa msumari wa alteneta na bodi kwa pamoja, betri yaweza kumwaga mamia ya ampea kwa nukta moja na kuyeyusha chuma. Ncha inayounganishwa na bodi ndiyo itolewe kwanza na kurudishwa mwisho. Katika magari mengi ni ncha hasi, ila baadhi ya magari ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunganisha ncha chanya na bodi. Anayefunga alteneta ya kawaida katika gari kama hilo bila kugeuza mfumo huziua dayodi zake papo hapo.

Miisho ya waya ifungwe vichwa vya shaba vyenye tundu, vilivyobanwa kwa koleo maalumu. Kuzungusha nyuzi kwenye msumari na kuzifunika kwa utepe si ufundi. Mahali waya unapopenya chuma pawekwe mpira wa kuukinga usichubuke. Upite mbali na bomba la moshi na mapanga ya feni, ushikizwe kila baada ya shubiri moja au mbili, na uachiwe ulegevu kidogo karibu na injini, kwa kuwa injini hucheza.

Waya mdogo wa taa ya onyo ya dashibodi usiondolewe. Katika alteneta nyingi za zamani, huo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Mita ya zamani ya ampea nayo itazamwe upya. Mita yenye alama ya mwisho 30 haifai kupitishiwa ampea 60. Na waya mpya ukienda moja kwa moja kwenye betri, mita hiyo haitasema kweli tena. Wenye hekima huweka mahali pake mita ya volti.

FYUZI NI MLINZI WA ZAMU

Sasa tumefika mahali ambapo wengi huharibu kazi nzuri. Waya mnene humaliza tatizo la joto, lakini huleta hatari mpya. Waya mwembamba ukigusa bodi huungua na kukatika. Waya mnene hauungui upesi: hupitisha mkondo mkubwa wa betri mpaka vilivyo karibu nao vishike moto. Kuufunga bila fyuzi ni sawa na kuacha lango la kambi wazi usiku kwa sababu tu ukuta wake ni mrefu.

Fyuzi ifungwe upande wa betri, si upande wa alteneta, maana hatari kubwa hutoka kwenye betri. Iwe karibu na ncha ya betri kadiri inavyowezekana, isizidi shubiri moja, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Uwezo wake upite ule wa alteneta kwa robo au theluthi, lakini usifikie kikomo cha waya. Kwa alteneta ya ampea 60 na waya wa milimita za mraba 16, fyuzi ya ampea 80 inafaa.

Wako mafundi wanaouacha waya wa zamani mahali pake na kuongeza mpya sambamba nao. Njia hiyo yaweza kufaa, kwa sharti moja: waya wa zamani nao uwe na fyuzi yake ndogo. Fyuzi ya waya mpya ikikatika, mkondo wote hurudi kwenye waya mwembamba, na gari likawa katika hatari ile ile iliyokimbiwa.

MAZOEA YA KUACHA

Yapo mazoea mawili ambayo yafaa yaachwe. La kwanza ni kung'oa ncha ya betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama mtambo unachaji. Zoea hilo ni la siku za dinamo. Kwa alteneta, volti hupanda ghafla na kuua dayodi, kidhibiti, au redio. Mita ya umeme hutoa jibu lile lile bila kuua kitu.

La pili ni kuunganisha kila kifaa kipya kwenye ncha ya betri. Katika gari lenye mita ya ampea na waya wa zamani, taa za ziada zilizofungwa hivyo hulazimisha umeme wake wote upite njia ile nyembamba kabla ya kufika kwenye betri. Vifaa vikubwa vifungwe kwa rilei, kila kimoja na fyuzi yake, baada ya waya wa kuchaji kuimarishwa.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Anayetunza mfuko wa nyumba ana haki ya kuuliza kama gharama hii ni ya lazima. Jibu ni kwamba mita mbili za waya, fyuzi na vichwa viwili vya shaba ni nafuu kuliko betri moja, na ni nafuu mno kuliko gari zima. Tena gari la familia halitumiki kwa mapambo tu. Hubeba mgonjwa usiku, huwapeleka wazazi mazishini kijijini, na huwarudisha watoto shuleni. Siku ya haja hiyo si siku ya kugundua kwamba betri haikujaa.

Zipo dalili ambazo mtu yeyote wa nyumbani aweza kuziona bila kuwa fundi: taa zinazofifia gari linaposimama na kung'aa linapoongezwa mwendo, harufu ya mpira unaoungua, waya ulio moto usioweza kushikwa, betri zinazokufa moja baada ya nyingine. Dalili mojawapo ikionekana, gari lisimamishwe na lipimwe.

Na moto ukizuka, maisha yatangulie. Dereva asimame, azime ufunguo, atoe watu wote na kuwapeleka mbali. Boneti isifunguliwe wazi, kwa sababu hewa huuchochea moto. Unga wa kizimamoto upulizwe kupitia upenyo mdogo. Moto ukishakua, gari liachwe. Nchini Uganda kazi ya zimamoto na uokoaji ni ya Jeshi la Polisi, na namba ya dharura ni 999.

Gari la zamani hudumu kwa uangalifu wa mwenyewe zaidi ya ukali wa injini yake. Atakayepima kwanza, akachagua waya kwa hesabu, akaufunga kwa fyuzi na kuisafisha ethi, atakuwa amemwachia mwanawe gari linalowaka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ukuta wa gari lililoungua haujengeki.